Punguza Mwendo Kabla ya Kona, Si Ndani ya Kona



Katika ukurasa huu tumezoea kusema habari za shimo: mbao za kushikilia dari, buti, kaske, vumbi la mawe, namna ya kubeba gunia bila kuvunja mgongo. Maneno hayo ni ya lazima na tutayarudia. Lakini leo ninaomba ruhusa nitoke nje ya mlango wa mgodi, nifuatane na mfanyakazi anapopanda pikipiki kwenda Hombo kwa jamaa yake. Kwa maana nimeona jambo la kusikitisha. Mtu anakaa siku nyingi chini ya mawe bila hata mchubuko, anapokea mshahara wake, anacheka na wenzake, halafu anavunjika mguu kwenye kona ya njia kabla hajafika mezani kwa mke wake.

Nitasema wazi tangu mwanzo ninavyofikiri. Kona hazituui. Zinazotuua ni haraka zetu. Na haraka hizo si za motari peke yake. Mara nyingi ni zetu sisi tuliokaa nyuma yake.

Nilikuwa mmoja wao

Sisemi hivi ili kuhukumu wengine. Miaka kadhaa iliyopita, siku ya mwisho wa mwezi, nilichukua motari mmoja kijana anirudishe nyumbani. Nyuma yangu tulifunga gunia la mchele la kilo 50. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na jua lilikuwa linashuka. Kijana alikuwa mwangalifu. Mimi ndiye niliyempiga begani mara 3 nikimwambia: «Kazana kijana, usiku unaingia, utalala wapi?» Mara ya tatu alinisikiliza.

Tulikuwa tunateremka. Kama wengi wanavyofanya, alizima mashine ili aokoe esansi, tukashuka kwa uzito wetu tu. Kona ikatokea, ya mkono wa kuume. Nyuma ya kona kulikuwa na Fuso imekwama katika matope, na watu wakisukuma. Kijana alishika freni zote kwa nguvu pikipiki ikiwa imelala. Gurudumu la mbele liliteleza. Nilianguka juu ya gunia langu, nikachubuka kiwiko na goti. Yeye alikuwa chini ya pikipiki, na mfupa wa mguu wake ulivunjika mahali 2.

Mimi nilipata matibabu ya mfanyakazi, nikarudi kazini baada ya siku 4. Yeye hakuwa na kampuni wala mshahara. Alikaa miezi 7 bila kupanda pikipiki, na mdogo wake akaacha shule kwa mwaka mzima. Nilisaidia kwa kile nilichoweza, lakini nilichoweza kilikuwa kidogo kuliko nilichodaiwa. Kijijini watu walisema: «Kona ile inakula watu.» Nikanyamaza, kwa sababu maneno hayo yalinifaa. Kama kona ndiyo iliyokula, basi mimi sina kosa. Leo ninasema kweli: kona ile haikula mtu. Mimi nilimtuma kijana akimbie ndani yake.

Mama wa soko anajua kuliko sisi

Siku ya soko, simama kidogo karibu na daraja la Hombo, pale mto unapoacha Walikale upande mmoja na Kalehe upande wa pili, na majimbo 2 yanapokutana. Mtazame mama mwenye beseni la mihogo kichwani. Anapotaka kuzunguka nyumba au kumpisha mtu, anafanya nini? Kwanza anapunguza hatua. Pili anatazama anakokwenda. Tatu ndipo anageuka, polepole, shingo na mwili pamoja. Akishageuka ndipo anaongeza hatua tena. Hajawahi kugeuka huku akikimbia, maana anajua beseni lingefuata njia yake ya zamani, na mihogo yote ingekuwa chini.

Ndugu, hiyo ndiyo elimu yote ya kona. Kitu kinachotembea kinapenda kwenda sawa mbele. Ukitaka kukigeuza, lazima kitu kingine kikishike. Kwa pikipiki, kinachoshika ni pine 2 tu, na sehemu ya kila pine inayogusa ardhi haizidi sana kiganja cha mkono. Juu ya viganja hivyo 2 umeweka motari, wewe, labda na mtoto, pamoja na gunia.

Tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa mtu wa mgodi anajua kilo. Chukua kona ya kawaida ya milima yetu, ambayo ingekuwa duara kamili ingekuwa na upana wa mita 40. Ukiingia kwa kilomita 20 kwa saa, kwa kila kilo 100 za pikipiki na mzigo wake, pine zinapaswa kushika ardhi kwa nguvu kama ya kilo 16. Kwa kilomita 30, nguvu hiyo inakuwa kama kilo 35. Kwa kilomita 40, inakuwa kilo 63. Umeona? Mwendo umeongezeka mara 2, lakini nguvu inayotakiwa imeongezeka mara 4. Udongo uliolowa hauwezi kutoa kilo 63. Changarawe iliyolala juu ya udongo mgumu nayo haiwezi. Basi yule anayesema «nimeongeza kidogo tu» hajui alichoongeza.

Na kuna jambo la pili. Nguvu ya pine ni moja, haina nyongeza. Ukiitumia yote kwa kupinda, haibaki ya kufunga freni. Ukishika freni kwa nguvu ukiwa umelala katika kona, unaomba pine ifanye kazi 2 kwa mshahara mmoja. Itakataa, na kukataa kwake ni kuteleza. Hivyo ndivyo tulivyoanguka sisi.

Wala si sisi wa Kivu tu. Huko Marekani, mwaka 1981, mtaalamu Harry Hurt wa chuo kikuu cha Southern California alitoa taarifa juu ya ajali 900 za pikipiki ambazo kundi lake lilikwenda kuzikagua mahali zilipotokea, katika eneo la Los Angeles. Kwa ajali ambazo pikipiki ilianguka peke yake bila kugongana na gari, karibu theluthi 2 zilitokana na kosa la mwendeshaji. Na makosa ya kawaida yalikuwa yapi? Kufunga freni kupita kiasi mpaka kuteleza, au kuingia kona kwa mbio na kutupwa nje ya njia. Kule wana lami nzuri, sisi tuna matope. Kosa ni lile lile.

Namna ya kupita kona

Wewe mwenye pikipiki, na wewe kijana unayejifunza, shika mambo haya. Yasome na mwenzako, kisha mkayajaribu mahali patupu, bila abiria.

1. Tazama mapema. Kabla ya kona, inua macho kutoka kwenye gurudumu la mbele. Tazama mstari wa miti na ukingo wa mlima, vinakuonyesha njia inapinda kwenda wapi. Kama huoni mwisho wa kona, hesabu kwamba inakaza zaidi na kwamba kuna kamyo nyuma yake. Piga honi.

2. Punguza mwendo ukiwa bado umesimama wima na njia ni nyoofu. Tumia freni ya mbele na ya nyuma pamoja, kwa kukaza polepole, bila kuzipiga ghafla. Freni ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, lakini katika matope na changarawe iguse kwa vidole tu. Shusha vitesi hapo hapo, kabla ya kuingia.

3. Usizime mashine katika mteremko, wala usiiache bila vitesi. Mashine iliyo katika vitesi ya chini inashikilia pikipiki na kusaidia freni. Mashine iliyozimwa inaziachia freni kazi yote. Freni za ngoma zikipata moto sana zinapoteza nguvu, na utajua hilo pale tu utakapozihitaji. Esansi unayookoa kutoka Kahuzi mpaka Bunyakiri haitoshi kulipa hata bendeji.

4. Kaa upande wako. Katika Kongo tunapita kuume. Kona ya kuume ukiiingia kwa mbio inakutupa katikati ya njia, mbele ya Fuso. Kona ya kushoto inakutupa shimoni au mtoni. Zaidi ya hayo, katika kona ya kushoto mwili wako unalala kuelekea katikati. Magurudumu yanaweza kuwa upande wako, huku kichwa chako kikiwa tayari upande wa mwenzako. Kwa hiyo kona ya kushoto ipite ukiwa umebaki kuume vizuri, wala usiikate ili kufupisha njia.

5. Ndani ya kona, geuza uso utazame unakotaka kutokea. Pikipiki inafuata macho. Mtu anayelikazia macho shimo ataingia shimoni. Ukiwa katika mwendo wa safari, sukuma gidoni kidogo kwa mkono wa upande unaokwenda: kuume kwa kona ya kuume, kushoto kwa kona ya kushoto. Pikipiki italala yenyewe kwa utulivu. Shika gesi kidogo na sawasawa, usifunge ghafla na usivute ambreyaje.

6. Njia ikiteleza, usiilaze sana pikipiki. Pita polepole, mwili wako ukae wima, mikono isikakamae. Ukianza kuona mwisho wa kona, ndipo uongeze gesi kidogo kidogo.

7. Kama umekosea na umeingia kwa mbio, usishtuke. Palipo na nafasi mbele, simamisha pikipiki wima kwanza, kisha funga freni. Pasipo na nafasi, acha freni, tazama mwisho wa kona, uendelee kupinda. Lakini kumbuka kwamba dawa hii ni ya mwisho. Dawa ya kwanza ni namba 2.

Kanuni moja inazishika zote: nenda kwa mwendo utakaokuwezesha kusimama ndani ya njia unayoiona. Na pale ambapo njia ina mfereji mmoja tu wa magurudumu, ambao kamyo na pikipiki wote wanautumia, simama ndani ya nusu ya njia unayoiona, kwa sababu nusu nyingine ni ya yule anayekuja. Kwa kilomita 30 kwa saa unakwenda mita 8 kila sekunde. Kwa kilomita 60 ni karibu mita 17. Kabla mkono haujafika kwenye freni, mita hizo zimekwisha.

Wewe uliyekaa nyuma

Sasa ninarudi kwa abiria, maana hapa ndipo mimi nilipokosea.

Abiria si gunia. Shika vizuri, mwili wako ukae karibu na mwendeshaji, magoti yakibana. Anapolala katika kona, lala naye kama kivuli chake. Ukijivuta upande wa pili kwa hofu, unampindua. Mguu usiushushe chini. Mtoto asikae mbele juu ya tangi, kwani hapo anazuia gidoni, na kukiwa na ajali ndiye anayegonga wa kwanza. Mzigo mzito usiwekwe nyuma kabisa, maana unalifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, nalo ndilo linaloongoza. Watu 3 na gunia ni pikipiki isiyo na mwongozo.

Kaske je? Katika shimo hakuna kapita anayekuruhusu kuingia bila kaske. Mbona njiani tunaifunga kwenye kiti, au tunamwachia mwendeshaji peke yake? Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, limetangaza kwamba kaske iliyovaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kaske ya mgodi si kaske ya pikipiki. Ile imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu, haina kinga ya kutosha pembeni, na inachomoka mara moja. Wale waliovuka Rusizi kwenda Kamembe wanajua: kule Rwanda motari anabeba abiria mmoja, na abiria huyo anapewa kaske kabla pikipiki haijaondoka. Ni jirani zetu. Milima yao ni kama yetu.

Lakini kaske kubwa kuliko zote ni mdomo wako. Mwambie motari: «Kijana, sina haraka.» Maneno 3 tu. Kama analipwa kwa safari, anafikiri kila abiria anataka mbio, na akienda polepole atamkosa mteja wa kesho. Ukimwambia huna haraka, umemnunulia ruhusa ya kufunga freni kabla ya kona. Na wewe mama uliye nyumbani, usimpigie simu mumeo kila dakika ukiuliza «umefika wapi?» wakati yuko njiani. Mwambie kabla hajaondoka: «Chakula kitangoja.» Sombe iliyopoa inapashwa moto tena.

Wajibu wa wakubwa wa kazi

Si haki kuwapa mzigo wote wafanyakazi na motari. Wakubwa wa kazi nao wana sehemu yao.

Njia ya Taifa nambari 3, ile inayotoka Bukavu, inapanda katika msitu wa Kahuzi-Biega, inateremka Bunyakiri mpaka Hombo, kisha inaendelea Walikale kuelekea Kisangani, haikutengenezwa kwa mbio. Siku ya mvua haina saa. Mfanyakazi anayejua kwamba akichelewa saa moja atakatwa mshahara wa siku nzima, atampiga motari begani kama nilivyofanya mimi. Kapita anayehesabu dakika asubuhi ya matope anaandika ajali kwa kalamu yake bila kujua. Ninapendekeza hivi: siku ya mvua kubwa, anayechelewa kwa sababu ya njia asikatwe kitu, na wafanyakazi waachiwe mapema siku ya mshahara ili wasafiri mchana.

Wengine watasema kwamba mambo ya njia si mambo ya kampuni. Sivyo. Sheria ya Kongo juu ya usalama wa jamii, ya mwaka 2016, inahesabu ajali ya mfanyakazi katika safari kati ya nyumba yake na kazi yake kuwa kama ajali ya kazi. Kama sheria imeiweka njia ndani ya kazi, basi na mafundisho ya usalama yaifuate njia hiyo. Tunafundisha mtu siku nzima namna ya kushika tindo. Tushindwe kumfundisha saa 2 namna ya kupita kona? Na waalikwe pia motari wa Hombo wanaotubeba. Wao hawamo katika sheria ile ya mshahara. Wakivunjika, wanavunjika na nyumba zao. Kuwafundisha si sadaka. Wao wanabeba shingo zetu.

Najua kuna atakayeuliza: katika nchi yenye mashaka mengi kama haya, nani ana nafasi ya kufikiri juu ya kona? Ninamjibu kwamba mashaka mengi hayako mikononi mwetu. Hatuwezi kuamuru mvua, wala bei ya esansi, wala bunduki zinyamaze. Lakini mkono wa freni uko mkononi mwetu. Kitu kidogo ambacho mtu anaweza, na asikifanye, kinamuuma zaidi kuliko kikubwa asichokiweza. Mimi ninalijua hilo.

Kijana yule leo anapanda pikipiki tena. Anachechemea kidogo akitembea. Tulipokutana sokoni mwezi uliopita, nilimwomba anipeleke nyumbani, naye akakubali. Kabla ya ile kona alishusha vitesi, akapiga honi, akapita kuume polepole kama mzee. Hakuna aliyekuwa upande wa pili, ni maji tu yaliyokuwa yakiteremka ukingoni. Hakunigeukia wala hakusema neno. Nami safari hii nilinyamaza, mikono yangu ikiwa mahali pake.

Ndugu zangu, mshahara huu wa mwezi unaokuja, fikeni nao nyumbani.

SALAMA KAZINI. SALAMA NJIANI. SALAMA NYUMBANI.